Markscheider: mpima migodi ambaye jina lake halitaji kupima

Mtu anayeshuka mgodini na vyombo vya kupimia, kisha akarudi juu na kuchora ramani inayoonyesha handaki gani limepita chini ya shamba la nani, Wajerumani humwita Markscheider. Ni fani yenye shahada, mitihani ya serikali na kifungu chake katika sheria ya madini. Lakini ukilipasua jina hilo vipande, hukuti popote neno la kupima. Kijerumani kina kitenzi chake cha kupima, messen, na mpima ardhi wa juu amekibeba waziwazi: Vermesser, au kwa jina la zamani Feldmesser, mpima mashamba. Mwenzake wa chini ya ardhi anapiga hesabu zilezile, tena gizani na kwenye matope, ila jina lake limejengwa kwa maneno mengine kabisa: Mark, yaani mpaka, na Scheider, yaani mwenye kutenga.

Mtenga-mipaka, basi. Ukiishia hapo utakuwa umepata tafsiri tu. Kila kipande cha neno hili kina mkanganyiko wake, na jinsi vipande vilivyoungana ni mkanganyiko mwingine. Ukiufungua wote, unakutana na swali lililowagombanisha wachimbaji wa Saxony, jimbo la mashariki mwa Ujerumani, kwa karne nyingi na linalowagombanisha wachimbaji wetu hadi leo: mali iliyo chini ya ardhi ni ya nani, na nani mwenye uwezo wa kuonyesha inapoishia?

Tuanze na Mark, kwa kuwa ndiyo inayopotosha zaidi. Kijerumani kina maneno matatu yanayoandikwa hivyohivyo. Kuna Mark iliyokuwa fedha ya Ujerumani hadi noti za yuro zilipoingia mifukoni mwa watu mwaka 2002. Kuna Mark ya uboho, ule ulio ndani ya mfupa, ambayo asili yake ni nyingine. Na kuna Mark ya mpaka. Anayemdhania Markscheider kuwa mhesabu fedha za mgodi, au mtu anayetoa uboho wa mlima, amechukua neno moja akalisikia kwa maana ya jirani yake.

Mark ya mpaka ni ya kale sana. Katika Kijerumani cha kale, kilichoandikwa takriban kati ya mwaka 750 na 1050, ilitaja mpaka na nchi ya mpakani. Ndugu zake wametapakaa. Kilatini kina margo, ukingo. Kiajemi kina marz, mpaka, na katika dola ya Wasasani gavana wa jimbo la mpakani aliitwa marzban. Wajerumani walikuwa na cheo kilichoundwa kwa mtindo uleule: Markgraf, mtawala wa nchi ya mpakani. Denmaki, tunayoitaja bila kufikiri, ni Mark ya Wadani. Kwa watu wa Skandinavia ya kale, mörk ilifikia kumaanisha msitu, na sababu yake inaeleweka vizuri: zamani zile jamii mbili hazikutenganishwa na mstari. Zilitenganishwa na pori ambalo hakuna aliyelilima.

Hapo pana jambo la kushika. Maana ya Mark ilisogea. Ilitaja mpaka, ikataja ukanda wa mpakani, na mwisho ikataja eneo lote lililomo ndani ya mpaka. Feldmark, kwa mfano, ni ardhi yote ya kijiji, mashamba na malisho yake. Kwa hiyo mtu wa karne ya 14 akisema Mark, huenda anautaja mstari, na huenda anaitaja ardhi iliyozungushiwa mstari huo. Tutalihitaji hili sasa hivi.

Scheiden nayo ni kutenga, kutenganisha, kuachana. Talaka ni Scheidung. Wasserscheide ni mgongo wa nchi ambapo maji ya mvua hugawanyika, haya yakafuata mto huu na yale mto ule. Schiedsrichter, refa wa mpira, ni hakimu anayetenga haki ya huyu na ya yule. Kuamua ni entscheiden. Mzizi wa mbali ni kukata na kupasua: pande la kuni lililopasuliwa ni Scheit, na Kigiriki skhizein, kupasua, ndicho kilichotupa skizofrenia. Kiswahili kina kitenzi kinachokaribia upana huo, nacho ni kupambanua, kinachobeba kutenga, kuona tofauti na kutoa uamuzi kwa pamoja.

Wachimbaji wa Kijerumani walikitumia kitenzi hiki kutwa kucha, na kwa kazi zaidi ya moja. Kupasua mawe kwa nyundo ili yenye madini yawekwe huku na matupu yatupwe kule kuliitwa scheiden, na mara nyingi kazi hiyo walipewa wavulana. Scheidewasser, maji ya kutenga, ni tindikali ya nitriki, inayoyeyusha fedha na kuiacha dhahabu ilivyo. Hata kemia nzima iliwahi kuitwa Scheidekunst, sanaa ya kutenga. Ndiyo maana neno Scheider peke yake mgodini lisingetosha, kwa sababu kila mmoja pale alikuwa anatenga kitu. Mark ilitangulizwa ili ijulikane huyu anatenga nini.

Sasa muungano wenyewe. Kuna njia mbili za kulisoma neno hili, na nyingi ya tafsiri za haraka huchukua ile ya kwanza: Mark jumlisha Scheider, mtu anayetenga mipaka. Njia ya pili huanza na neno ambalo lilikwisha kuungana zamani, Markscheide, kisha huongeza -er mwishoni. Markscheide ni jina la kitu: ni mstari unaotenga Mark moja na nyingine, yaani mahali ambapo ardhi ya hawa inaishia na ya wale inaanza. Neno hilo lilikuwapo katika Kijerumani cha zama za kati, na lilitumika kwa mashamba na misitu pia. Kwa mkondo huu, Markscheider ni mtu wa Markscheide, mhusika wa mstari wa mpaka.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuiona -er hii kwa mfano ulio karibu naye. Shule tuliipokea kutoka Schule wakati wa utawala wa Wajerumani, na mwanafunzi kwa lugha yao ni Schüler, yaani shule yenyewe ikaongezwa -er. Kiambishi hiki, kinachohusishwa na -arius ya Kilatini, hakihitaji kitenzi. Kinaweza kukaa juu ya jina la kitu na kumtaja mtu anayehusika na kitu hicho.

Mimi naegemea njia ya pili, na sababu yangu haiko kwenye sarufi peke yake. Anayetenga mipaka ni kama anaiweka yeye, kwa mamlaka yake. Markscheider hakuwa na mamlaka hayo hata siku moja. Mpaka uliwekwa na sheria na afisa wa madini aliyegawa vitalu. Yeye aliitwa ili aseme mpaka uliokwisha kuwekwa unapita wapi mahali ambapo hakuna anayeuona. Ukimsoma hivyo, jina lake linaikaa kazi yake sawasawa, na kukosekana kwa neno la kupima hakushangazi tena. Kupima kulikuwa njia. Aliyemlipa alitaka kuujua mpaka.

Freiberg na mshipa unaolala

Kwa nini mpaka wa chini ya ardhi uwe mgumu kiasi cha kuzaa fani nzima? Jibu liko Freiberg, mji wa Saxony ambako fedha iligunduliwa mwaka 1168. Nchi hiyo yenyewe ilikuwa Mark, Mark ya Meissen, na mtawala wake wakati huo, Otto, alikuwa Markgraf. Wachimbaji walivutwa kuja kwa ahadi ambayo kwa zama zake ilikuwa kubwa sana: anayetaka kutafuta madini na atafute, hata kama ardhi ya juu ni ya mtu mwingine. Madini hayakuwa ya mwenye shamba. Yalikuwa chini ya haki ya mtawala, naye aliyaachia kwa yeyote aliye tayari kuchimba na kutoa fungu lake.

Uhuru huo ulileta watu wengi, na watu wengi wakaleta msongamano. Ikabidi kuwe na vipimo. Kipimo cha mgodini kiliitwa Lachter, kilichotokana na urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kama pima yetu, na huko Freiberg kilikaribia mita 2. Mgunduzi wa mshipa wa madini alipewa kitalu cha kwanza, Fundgrube, chenye urefu wa Lachter 42 kwa kuufuata mshipa. Waliofuata walipewa vitalu vya Lachter 28 kila kimoja. Upana ulikuwa Lachter 7: tatu na nusu upande mmoja wa mshipa, tatu na nusu upande wa pili. Kwenye mipaka yakasimikwa mawe juu ya ardhi, yaliyoitwa Lochstein, kazi yake ni ileile ya bikoni zetu za viwanja.

Hadi hapa hakuna gumu. Ugumu unakuja kwa neno moja katika sheria ile: kitalu kilifuata mshipa kushuka chini, kwa kina chote. Na mishipa ya madini haishuki wima. Inalala.

Tuseme mshipa umelala kwa nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi. Ukifika kina cha mita 200 kwenda chini kabisa, mshipa huo utakuwa umesogea kando zaidi ya mita 115. Upana wa kitalu wote ni kama mita 14. Maana yake ni kwamba katika kina hicho mwenye kitalu anachimba kihalali mahali ambapo, ukipanda wima hadi juu, unatokea mbali kabisa na mawe yake ya mpaka, pengine katikati ya mawe ya jirani. Na jirani naye ana mshipa wake, unaolala upande mwingine. Siku mishipa hiyo ikikutana huko chini, kila mmoja atasema yuko kwake. Sheria ilisema aliyetangulia kupewa kitalu ndiye mwenye haki pale mishipa inapokatana, lakini sheria haikuweza kushuka mgodini na kuonyesha kwamba hapa walipogombana ndipo penyewe. Alihitajika mtu wa kulishusha jiwe la mpaka kutoka juu hadi kwenye mwamba wa chini. Alipofika mahali sahihi, alama ilichongwa ukutani mwa handaki, na kuanzia hapo huo ukawa mpaka.

Mtu huyo alikuwa anakula kiapo. Hesabu yake ikikosewa kwa makusudi, mmoja anaiba fedha ya mwenzake kwa kibali cha ramani.

Kamba, dira na tao la nyuzi

Namna alivyofanya inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana ni kazi ya akili nyingi kwa vyombo vichache. Georgius Agricola, daktari aliyeishi miongoni mwa wachimbaji huko Joachimsthal na baadaye Chemnitz, alieleza mbinu za wakati wake katika De re metallica, kitabu kilichotoka mwaka 1556, mwaka mmoja baada ya kifo chake. (Joachimsthal ndiko zilikotengenezwa sarafu za fedha zilizoitwa kwa ufupi Taler, na jina hilo ndilo lililozaa dola.) Mbinu ya msingi ilikuwa pembetatu zinazofanana. Unavuta kamba kutoka mdomo wa shimo hadi mdomo wa handaki lililo chini ya mlima, unatengeneza pembetatu ndogo pale kwenye kamba ambayo mkono unaifikia, unapima pande zake, kisha uwiano wake unakuambia pembetatu kubwa ya mlima ina kina gani na handaki limebakiwa na urefu gani kabla ya kulifikia shimo. Wala huhitaji kuingia ndani ya mwamba.

Mnamo mwaka 1574 Erasmus Reinhold, mtoto wa mwanafalaki mwenye jina hilohilo, alichapisha huko Erfurt maelezo ya kupima mashamba pamoja na sehemu ya kazi ya migodini, naye akaiandika Marscheiden, bila k. Maandishi ya wakati ule hayakuwa na tahajia moja. Kwa yule anayefuatilia asili ya maneno, k iliyodondoka ni ushahidi mdogo wenye thamani: watu walikuwa wakilitamka neno hili harakaharaka kama neno moja la kazi, hawakuwa wakisimama kati ya Mark na Scheide ili kukumbuka maana ya kila kipande.

Chombo kilichokuja kuwa alama ya fani hiyo ni dira ya kuning'inia, ambayo hutajwa pamoja na jina la Balthasar Rössler, mtaalamu wa migodi wa Saxony wa karne ya 17. Tazama inavyotumika. Mpimaji na msaidizi wake wanapigilia misumari ya skrubu kwenye magogo yanayoshikilia handaki, mmoja hapa, mwingine mbele kidogo. Kati ya misumari wanavuta kamba hadi ikaze kabisa. Kwanza wananing'iniza katikati ya kamba tao jepesi la shaba lililogawanywa nyuzi, lenye uzi na kitimazi kidogo. Uzi unaanguka wima na kuonyesha kamba imeinama nyuzi ngapi. Wanaliondoa, wananing'iniza dira iliyofungwa kwenye fremu yenye ndoano mbili, iliyotengenezwa ili sahani yake ibaki sawa hata kamba ikiwa imeinama. Wanatulia hadi sindano iache kucheza. Wanasoma uelekeo. Halafu wanapima urefu wa kamba kwa mnyororo, wanaandika, wanasogea kwenye msumari unaofuata, na kadhalika hadi mwisho wa handaki.

Kila kamba ni upande mrefu wa pembetatu. Kamba ya Lachter 10 iliyoinama nyuzi 30 inakupa kushuka kwa Lachter 5 na kusonga mbele kwa Lachter 8.66. Unajumlisha kushuka kote, unajumlisha kusonga kote kwa kufuata uelekeo, na mwisho unajua ncha ya handaki iko wapi ukilinganisha na jiwe la mpaka lililo juani.

Dira yenyewe ilikuwa na mambo mawili yanayomshangaza anayeishika mara ya kwanza. Haikugawanywa kwa nyuzi 360. Iligawanywa kwa saa, 12 na tena 12, kila saa ikiwa nyuzi 15, na mishipa ya madini ikapewa majina kwa saa zake: mshipa unaoelekea kati ya saa 3 na saa 6 ya dira uliitwa Morgengang, mshipa wa asubuhi. Pili, mashariki na magharibi vilibadilishana nafasi kwenye sahani. Hilo lilifanywa kwa makusudi. Sindano inabaki imeelekea kaskazini wakati sahani inazunguka pamoja na kamba, kwa hiyo ukibadilisha pande hizo mbili, sindano inakusomea moja kwa moja uelekeo wa kamba bila hesabu ya kugeuza.

Udhaifu wa dira ulijulikana. Chuma kilicho karibu huivuta, na mgodi umejaa chuma. Tena kaskazini ya sumaku huhama polepole mwaka baada ya mwaka, hivyo ramani ya babu na ramani ya mjukuu zinaweza kupishana kwa nyuzi kadhaa ilhali hakuna aliyekosea. Kosa la nyuzi 1 katika handaki la mita 500 linakupeleka kando karibu mita 9. Kumbuka upana wa kitalu ulikuwa mita 14.

Mtobozano

Kuna neno la wachimbaji wa Mirerani, Simanjiro, huko Tanzania, ambalo ningependa kila mwandishi wa mambo ya madini alijue: mtobozano. Ni pale shimo la huyu linapotokeza kwenye shimo la yule huko chini. Wajerumani huita tukio la mahandaki kukutana Durchschlag, pigo linalopenya, na kwao linaweza kuwa sherehe au ugomvi. Likiwa limepangwa, ni sherehe. Lisipopangwa, ni kesi.

Kule Mirerani tanzanite haikai kwa kufuata vitalu. Inafuata mikunjo ya miamba inayolala na kujipinda, ikitoka chini ya kitalu kimoja na kuingia chini ya kingine, na wanaapolo, wachimbaji wa huko, huifuata inakokwenda. Migogoro ya mitobozano kati ya wachimbaji wadogo wenyewe, na kati yao na mwenye leseni kubwa ya Kitalu C, imekuwa habari ya miaka mingi. Ukuta uliojengwa na kukamilika mwaka 2018 unazuia madini kutoroshwa juu ya ardhi. Kwa mtobozano hausaidii, kwa sababu ugomvi uko mamia ya mita chini yake. Kinachoweza kuumaliza ni ramani ya chini ya ardhi iliyopimwa na mtu ambaye pande zote mbili zinamwamini. Saxony ya Agricola na Mirerani ya leo zina sheria tofauti za vitalu, lakini mwamba unaolala unawafanyia watu hila ileile kotekote.

Mtobozano uliopangwa ndio uliowapa Wajerumani fahari yao. Migodi ya Freiberg ilikuwa inazama kwa maji kadiri ilivyoenda chini, na mwaka 1844 ulianza kuchimbwa mfereji mkubwa wa chini ya ardhi, Rothschönberger Stolln, wa kuyatoa maji hayo hadi bonde la mto Triebisch. Sehemu yake kuu ina zaidi ya kilomita 13. Ili isichukue karne nzima, walichimba mashimo kadhaa ya wima njiani, na kutoka kila shimo vikosi viwili vikaenda pande mbili, kila kimoja kikikifuata kingine kilichokuwa kinakuja kutoka shimo la jirani. Vikosi hivyo vilitegemea karatasi ya mpimaji tu ili vikutane. Julius Weisbach, profesa wa chuo cha madini cha Freiberg, aliona kwamba dira na kamba havitoshi kwa kazi kama hii. Akaleta teodolaiti, chombo cha darubini kinachopima pembe bila kutegemea sumaku, na akaiandikia mbinu yake kitabu alichokiita sanaa mpya ya Markscheider. Alifariki mwaka 1871. Mfereji ulikamilika mwaka 1877.

Chuo chenyewe, Bergakademie, kilifunguliwa mwaka 1765. Kabla ya hapo ujuzi huu ulirithishwa kutoka kwa fundi kwenda kwa mwanagenzi, mara nyingi kwa malipo, na mafundi hawakupenda kuumwaga hadharani. Vitabu kama kile cha Nicolaus Voigtel cha mwaka 1686, kilichobeba kwa pamoja jina la Kilatini la jiometria ya chini ya ardhi na jina la Kijerumani la Marckscheide-Kunst, vilianza kuufungua mlango. Humo utaona maneno mawili yakisimama bega kwa bega. La Kilatini linasema jiometria, elimu ya kupima. La Kijerumani bado linasema mpaka.

Neno lililohamia kwa wengine

Warusi walipojenga viwanda vyao vya madini katika karne ya 18 waliwaita mabingwa wa Kijerumani, na vijana wao wakapelekwa Freiberg. Mikhail Lomonosov, aliyekuja kuwa mwanasayansi wao mkubwa, alisoma huko mwaka 1739 na 1740. Pamoja na ujuzi walichukua maneno. Mpima migodi kwa Kirusi ni marksheyder, neno zima bila kutafsiriwa, na kutoka kwao limeenea hadi Kazakhstan na nchi nyingine zilizokuwa chini ya Muungano wa Kisovieti. Shimo la mgodi nalo wakaliita shakhta, kutoka Schacht ya Kijerumani. Mashabiki wa soka wanalifahamu bila kujua: Shakhtar Donetsk ni klabu ya wachimbaji, na jina lake limetoka kwenye shimo hilohilo.

Kwa Mrusi anayelitumia leo, marksheyder halina mpaka wala kutenga ndani yake. Limekuwa jina la fani, basi. Ni kwa Kijerumani peke yake ambapo anayetega sikio anaweza bado kuvisikia vipande vyote viwili.

Na huko Ujerumani sheria imekilinda kile kiapo cha zamani kwa maneno ya kisasa. Sheria ya madini ya shirikisho, ya mwaka 1980, inataka kila mgodi uwe na mkusanyiko wa ramani unaoitwa Risswerk. Riss imetokana na kitenzi reißen, ambacho zamani kilimaanisha pia kukwaruza na kuchora alama, kama kuchora kwetu kunavyobeba kuchanja na kuandika picha. Ramani hizo lazima zitengenezwe na Markscheider anayetambuliwa na serikali. Hata akiwa ameajiriwa na kampuni na analipwa mshahara nayo, sheria inasema katika kutumia utaalamu wake hapokei maagizo ya mtu. Meneja anaweza kumpangia likizo. Hawezi kumwambia handaki limeishia wapi.

Mgodi wa mwisho wa makaa ya mawe magumu wa Ujerumani, Prosper-Haniel huko Bottrop, ulifungwa Desemba 2018, na mtu angetarajia fani hii ifungwe nao. Haikufungwa. Bonde la Ruhr, ambamo Bottrop ipo, limechimbwa kiasi kwamba baadhi ya sehemu zake zimeshuka zaidi ya mita 20, na lazima maji yaendelee kupampiwa ili miji isigeuke maziwa. Januari 2000, huko Höntrop katika eneo la Wattenscheid, ardhi ilifunguka ghafla juu ya mgodi wa zamani na kumeza gereji za magari. (Jina Wattenscheid lina -scheid ile, kama Remscheid na Lüdenscheid, na kwa kawaida huhusishwa na mipaka au migongo inayogawa maji.) Kazi ya Markscheider sasa ni kufungua ramani za karne zilizopita, kuzipatanisha na kaskazini ya leo, na kusema shimo lililosahauliwa liko chini ya barabara ipi.

Kuna kazi nyingine inayomgusa mwenye nyumba moja kwa moja. Nyumba ikipasuka ukuta ndani ya eneo ambalo uchimbaji wa chini ya ardhi unaliathiri, sheria ileile inachukulia kwamba kisababishi ni mgodi, na ni juu ya kampuni kuthibitisha vinginevyo. Nje ya eneo hilo mzigo wa kuthibitisha unabaki kwa mwenye nyumba. Ukomo wa eneo hilo hupatikana kwa vipimo vya kushuka kwa ardhi na kwa pembe zinazopandishwa kutoka kingo za machimbo hadi juu, na anayevifanya vipimo hivyo na kuvitia kwenye ramani ni Markscheider. Mstari wake unapita mitaani, na wa upande huu hulipwa kwa urahisi kuliko wa upande ule.